Kuhamia Dar na watoto: Tegeta, Mbezi, Kigamboni, Mbagala au kubanana mjini?

Barua ya uhamisho imetoka. Kituo kipya ni Dar es Salaam, ofisi iko katikati ya jiji, Posta au Kariakoo, na nyumbani kuna watoto wawili watatu wa shule ya msingi. Swali ambalo kila mtu huliwahi ni "nyumba za huko bei gani?" Hilo ni swali la bachela. Mwenye watoto aanze na jingine: shule ikipiga simu saa nne asubuhi kwamba mtoto ana homa, nani atafika, na atachukua muda gani njiani? Ukilijibu kwa ukweli, nusu ya maeneo ya Dar yatajitoa yenyewe, yakiwemo yenye nyumba za kuvutia kabisa.

Ninayoyalinganisha hapa ni maeneo ya familia ya kipato cha kawaida. Masaki na Oysterbay nayaacha. Anayelipiwa nyumba na mwajiri hana haja ya ushauri wangu.

Chagua barabara kwanza

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao hulala pembeni ya jiji na kufanya kazi katikati. Wanaingia kwa barabara kuu nne: Bagamoyo kutoka kaskazini, Morogoro kutoka magharibi, Nyerere inayopita uwanja wa ndege (wazee bado wanaiita Pugu Road), na Kilwa kutoka kusini. Kigamboni iko ng'ambo ya maji, na wao wana kivuko na daraja. Barabara za kuunganisha zipo, kwa mfano ile ya Mbezi Luis kupitia Goba hadi Tangi Bovu, au ya Mbezi kupitia Malamba Mawili hadi Kinyerezi. Zinasaidia mwenye gari siku ya Jumapili. Mtoto wa darasa la pili anayebadilisha daladala mbili kila asubuhi hazimsaidii sana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi. Nyumba, shule na kazi vikae kwenye barabara moja. Vyote vitatu vikishindikana, nyumba na shule vikae pamoja na mzazi ndiye asafiri. Familia nyingi zinazohamia hufanya kinyume: wanapata nyumba nzuri pembeni, wanabaki na shule "nzuri" mjini, na mtoto anaamshwa saa kumi alfajiri ili gari la shule limpitie wa kwanza na kumzungusha mitaa yote. Saa mbili usiku ndiyo anamaliza kazi za nyumbani, huku anasinzia. Ada ya shule hiyo inaweza kuwa halali yake, lakini usingizi wa mtoto haurudishwi.

Jambo moja la kuwatahadharisha wageni: Dar kuna Mbezi mbili. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, karibu na bahari. Mbezi ya Kimara, ambayo wengi wanaiita Mbezi Luis au Mbezi Mwisho, iko Barabara ya Morogoro. Dalali akikwambia "ipo Mbezi, bei ya kutupwa", muulize Mbezi ipi kabla hujapanda bajaji.

Tegeta hadi Bunju: nafasi unapata, muda unalipa

Huku ndiko picha za nyumba zinapowapata wengi. Fensi, geti, uwanja wa kuchezea, miembe. Mivumoni, Mbweni na sehemu za Bunju zilikuwa kwenye mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kwa hiyo mitaa yake imenyooka kuliko maeneo mengi ya pembeni. Shule binafsi ni nyingi kuanzia Mbezi Beach kwenda juu, na ushindani wake unakupa nafasi ya kuchagua.

Gharama yake ni Barabara ya Bagamoyo. Bunju ni zaidi ya kilomita 30 kutoka Posta. Njia ya Mwenge hadi Tegeta ilipanuliwa miaka ya nyuma na mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) awamu ya nne imepangiwa barabara hiyo hiyo hadi Tegeta, lakini mfanyakazi wa mjini anayeishi Bunju hutoka nyumbani kabla hapajapambazuka. Rudi kwenye swali la simu ya saa nne: baba yuko Posta, mama yuko Kariakoo, mtoto yuko Bunju. Nani anafika? Jibu la familia nyingi ni dada wa kazi. Kama dada ni mtu mzima, ana simu yenye salio na anajua zahanati ilipo, sawa. Kama ni binti wa miaka 17 aliyefika Dar mwezi uliopita, hapo hakuna jibu.

Kwa matibabu, Mwananyamala ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa kwa upande huo, Lugalo ya jeshi inapokea raia, na Manispaa ya Kinondoni ina hospitali Mabwepande. Mabwepande ndiko serikali ilikowahamishia baadhi ya waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011. Na ukipelekwa kuona nyumba Boko, hasa Basihaya, uliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Kuna sehemu huko hayaendi popote. Yanatuama wiki kadhaa na watoto wanayavuka kwenda shule.

Nani akae huku? Mzazi anayefanya kazi Mwenge, Mikocheni, Mlimani au huko huko Tegeta. Pia familia ambayo mzazi mmoja ana shughuli zake nyumbani. Kwa hao, sioni eneo bora zaidi la kulelea watoto katika orodha hii. Wazazi wote wawili mkiwa Posta, mimi ningeliruka.

Mbezi ya Kimara: ya katikati kwa maana zote

Mwendokasi ulianza 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kikahamia Mbezi Luis mwaka 2021. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha. Kwa mgeni anayetoka Morogoro, Dodoma au Mbeya kuna faida ambayo haitajwi sana: bibi akija kuwasalimia wajukuu, anashuka Mbezi na dakika chache baadaye yuko kwenu, bila kuvuka jiji na mabegi na kuku.

Hospitali ya Mloganzila, ambayo ni tawi la Muhimbili, iko upande wa Kibamba. Mwenye mtoto anayehitaji kliniki za mara kwa mara alipe uzito jambo hilo.

Ubaya wa Kimara, Saranga na Mbezi ni milima na makorongo. Nyumba nyingi zimejengwa kabla ya barabara za mtaa, na njia ya kuifikia inaweza kuwa kijia kinachoteremka korongoni. Ukiiona Agosti, utaipenda. Mvua za masika zikianza, bajaji inakuacha juu na wewe unateremka na mtoto mgongoni. Kama kuna korongo kati ya nyumba na shule, usipange. Silijadili hilo mara mbili, kwa sababu kila msimu wa mvua jiji hili linasikia habari ya mtoto aliyesombwa na maji akitoka shule.

Mwendokasi nao ni mzuri usipokuwa na mtoto wa kushikwa mkono. Asubuhi pale Kimara foleni ya watu ni ndefu na kupanda ni kwa nguvu. Mtu mzima atavumilia. Mtoto wa miaka saba hawezi, kwa hiyo huku pia shule itafutwe mtaani.

Kigamboni: inayodharauliwa bila sababu

Watu wa Dar wana mazoea ya kusema "Kigamboni mbali". Mbali na wapi? Kutoka kituo cha kivuko, upande wa Feri, hadi Posta ni mwendo wa miguu, na kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kiko hapo hapo. Kivuko chenyewe kinavuka kwa dakika chache. Mfanyakazi wa Posta anayekaa karibu na kivuko anaweza kufika kwa mtoto wake haraka kuliko mwenzake wa Tegeta mwenye gari. Hapo ndipo swali langu la saa nne linapogeuza mawazo ya watu.

Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016 na likabadilisha mambo kwa wenye magari na kwa wagonjwa wa usiku, maana kivuko kikiwa na hitilafu hamfungiwi ng'ambo tena. Lina tozo, na mwenye gari aihesabu kwenye bajeti ya mwezi kama anavyohesabu mafuta. Hospitali ya Vijibweni iko upande huo huo wa maji, na kwa makubwa zaidi mnavuka kwenda Temeke au Muhimbili.

Kibada, Kisota na Gezaulole nazo zilipimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000. Mitaa ina nafasi, gari ni chache, na watoto wanaendesha baiskeli barabarani, jambo ambalo Sinza ni ndoto. Kuna kitu kingine kinachoeleza kwa nini sehemu za Kigamboni bado ziko wazi: mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008 uliwazuia watu kuendeleza maeneo yao kwa miaka. Mapori yale unayoyaona kati ya nyumba na nyumba yana historia hiyo, na mwenye watoto aangalie kama njia ya shule inapita kwenye pori la namna hiyo.

Kasoro zake? Maji. Kwa miaka mingi huduma ya bomba ilikuwa hafifu na watu waliishi kwa visima, vingine vina chumvi hadi sabuni haitoi povu. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, imechimba visima vikubwa upande huo na hali imebadilika kwenye mitaa kadhaa, si yote. Fungua bomba mwenyewe, onja. Shule binafsi ni chache kuliko Barabara ya Bagamoyo. Halafu kuna swali la Kigamboni ipi. Mjimwema na Kibada ni Kigamboni ya mtu anayefanya kazi mjini. Kimbiji ni shamba. Pazuri, lakini ni shamba.

Kwa wazazi wenye kazi Posta, Kivukoni, bandarini au Kurasini na watoto wadogo, Kigamboni ya karibu ndiyo chaguo langu la kwanza.

Mbagala na Chamazi

Bei ya chini kuliko zote hizi, masoko mazuri, vyakula rahisi, na mwendokasi awamu ya pili umeshafika Mbagala kwa Barabara ya Kilwa. Kwa kodi ya vyumba viwili Sinza, huku unapata nyumba nzima ya kujitegemea. Mtaa una watu, na mtoto hachezi peke yake.

Tatizo ni shule za serikali. Idadi ya watoto imekua haraka kuliko madarasa, na kusoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, ni jambo la kawaida kwenye shule zilizojaa. Mtoto wa zamu ya mchana anabaki nyumbani asubuhi nzima wazazi wakiwa kazini, kisha anarudi jioni giza linaingia. Ukiweza kubana matumizi ukaweka kile ulichookoa kwenye kodi katika ada ya shule binafsi ya mtaani, hesabu inaweza kukaa sawa. Usipoweza, nenda shuleni kwanza uhesabu watoto waliomo darasani, ndipo uende kwa dalali.

Gongo la Mboto, Kitunda, Kinyerezi

Kwa kifupi: yanafaa kama kazi ni uwanja wa ndege, viwanda vya Barabara ya Nyerere au Tabata. Anayesafiri mara kwa mara kwenda Morogoro au Dodoma ana treni ya umeme, ambayo ina stesheni Pugu. Kinyerezi imechangamka, Kivule na Kitunda ndani ndani barabara bado ni mtihani.

Kubanana mjini: Sinza, Magomeni, Ilala, Temeke

Hili ndilo chaguo ambalo wageni hawalifikirii, kwa sababu wametoka mkoani kwenye nyumba yenye uwanja na bustani ya mchicha, na wanaona aibu kushuka hadi vyumba viwili na sebule. Mimi nadhani kwa watoto walio chini ya miaka kumi, wazazi wote wakiwa na kazi katikati ya jiji, vyumba viwili Magomeni vinaishinda nyumba ya vyumba vinne Bunju.

Hesabu saa. Mzazi wa Magomeni anaamka na watoto, wanakunywa chai pamoja, mtoto anakwenda shule kwa miguu kuwahi namba, jioni saa kumi na moja na nusu mzazi yuko mlangoni. Yule wa Bunju anawaaga watoto wakiwa wamelala na kuwakuta wanataka kulala. Mwaka mzima ukipita hivyo, uwanja ule mkubwa unakuwa wa dada wa kazi na mbwa.

Magomeni na Ilala zina nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye choo na bomba la pamoja. Ukipanga huko unapanga na majirani. Kuna ugomvi wa zamu za usafi, kuna umeme wa LUKU wa kuchangia ambao huleta maneno kila mwezi. Lakini pia kuna mama wa chumba cha tatu anayemjua mtoto wako kwa jina, anayejua kwamba leo hakwenda shule. Simu ya saa nne ikipigwa, yeye anafika kwa dakika tano na kanga begani. Huduma hiyo huipati nyuma ya geti.

Sinza ilipimwa miaka ya 1970 na mitaa yake inaeleweka, usafiri upo wa kila upande, Mwenge na Ubungo ni karibu. Baa zake nazo ni nyingi mno. Nenda Ijumaa saa nne usiku, simama nje ya nyumba unayotaka kupanga, usikilize. Spika zikikutetemesha kifua wewe, mtoto hatalala.

Kwa upande wa hospitali, mjini hakuna anayeshindana napo: Amana iko Ilala, Temeke ina yake, Muhimbili iko Upanga. Upanga pia kuna Olympio na Diamond, shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza na kutoza ada. Nafasi zake zinagombaniwa sana, usizihesabu kabla hujapata barua.

Hofu yangu kwa mjini ni bonde la Msimbazi. Jangwani, Kigogo, Mchikichini na sehemu za Magomeni zinazoegemea bonde hujaa maji mvua kubwa zikinyesha. Dalali hatakwambia. Mjumbe wa mtaa atakwambia, na alama ya maji ukutani itakwambia hata kama imepakwa rangi mpya. Angalia rangi ya chini imefanana na ya juu?

Mambo ya shule yanayopindua uamuzi

Elimu katika shule za kawaida za serikali, hadi kidato cha nne, haina ada tangu 2016, na 2022 kidato cha tano na sita nao wakaingizwa. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200. Tatizo ni kwamba konda anapoona sare za shule tano kituoni na abiria watu wazima sita, anajua wapi pana faida. Watoto wanaachwa. Ndiyo maana nasisitiza shule ya kwenda kwa miguu.

Wazazi wengine walikuwa wakiikwepa foleni kwa kuwapeleka wadogo bweni. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo njia hiyo imefungwa, na mimi silalamiki.

Kuna na hili la mtaala mpya ulioanza 2024. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na walioanza nao darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Madarasa mawili yatataka kidato cha kwanza kwa mpigo mmoja, Januari 2028. Wanaochaguliwa shule za kutwa za serikali kwa kawaida hupangiwa karibu na walikosoma, kwa hiyo mwenye mtoto wa umri huo asiangalie shule ya msingi tu. Aulize kata ina sekondari ngapi na iko umbali gani. Kwa kigezo hiki peke yake, Chamazi inanipa wasiwasi kuliko Kigamboni.

Kodi, dalali, na mpangilio wa tarehe

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Pesa hiyo ikishatoka, umefungwa hata ukigundua wiki ya pili kwamba maji yanatoka mara moja kwa wiki. Ombeni miezi mitatu. Wengi watakataa, wapo watakaokubali, hasa nyumba iliyokaa bila mpangaji. Kama kuna ndugu Dar, mzazi mmoja atangulie akae kwake mwezi mmoja na aende kazini kila siku kutoka kituo cha daladala cha eneo mnalolitaka, asubuhi ya Jumatatu na jioni ya Ijumaa zikiwemo.

Halafu uhamisho wa mtoto. Shule ya huko mnakokwenda ikubali kwanza kwamba ina nafasi, ndipo shule ya zamani na maofisa elimu wa pande zote mbili waendelee na karatasi. Aliye darasa la nne au la mwisho wa msingi ana mtihani wa taifa, na akishasajiliwa kituo kimoja, kumhamisha katikati ya mwaka ni usumbufu mkubwa; bora amalizie huko alikoanza, kwa shangazi au kwa bibi, awafuate Desemba. Kwa wengine, ombeni nafasi kuanzia Oktoba, mhame shule zikifungwa, na kodi msilipe mpaka mwalimu mkuu awape barua ya kumpokea mtoto.